Filamu ya 2001 na Riwaya Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaokuja kwenye kikundi chetu cha kutazama filamu na kusoma vitabu hapa Mwanza. Safari hii ni zamu ya 2001: A Space Odyssey, filamu ya Stanley Kubrick na riwaya ya Arthur C. Clarke, zote za mwaka 1968. Kila tukiitaja, maswali ni yaleyale, mengine yanaulizwa kwa hasira kabisa, kwa hiyo nimeyakusanya mahali pamoja. Angalizo: hadithi yote inasimuliwa humu mpaka mwisho. Asiyependa kuharibiwa utamu asome maswali manne ya kwanza tu, aje atazame, halafu arudi.

Kipi kilitangulia, filamu au kitabu?

Hakuna kilichotangulia, na hapo ndipo utamu ulipo. Mwaka 1964 Kubrick alimtafuta Clarke, Mwingereza aliyekuwa akiishi Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, tangu 1956. Walikutana New York wakaamua kuanzia kwenye hadithi fupi ya Clarke iitwayo The Sentinel, aliyoiandika 1948 na ikachapishwa 1951. Humo wanadamu wanafika Mwezini wanakuta kitu kilichoachwa na wengine zamani za kale, kabla hata binadamu hajawa binadamu.

Makubaliano yalikuwa waandike kwanza riwaya, halafu muswada wa filamu utoke humo. Haikwenda hivyo. Filamu ilianza kupigwa Uingereza Desemba 1965 wakati riwaya bado inaandikwa, na Clarke akawa anatazama vipande vilivyokwisha kupigwa, anarudi mezani kubadilisha sura zake. Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza Washington tarehe 2 Aprili 1968. Kitabu kilitoka baadaye mwaka huohuo, kwa sababu Kubrick alikawia mno kuuidhinisha muswada wake, jambo lililomuumiza Clarke mfukoni. Kwenye jalada la riwaya kuna jina la Clarke peke yake. Kwenye filamu, muswada una majina yao wote wawili.

Kwa hiyo anayesema filamu "imeharibu kitabu" anakosea, na anayesema kitabu kiliandikwa ili kuuza filamu anakosea vilevile.

Nianze na kipi?

Filamu. Hapa sina upole. Kitabu kinaeleza kila kitu, na ukishaelezwa huwezi tena kujifanya hujaelezwa. Clarke mwenyewe aliwahi kusema kwamba mtazamaji akiielewa filamu yote, basi wao wawili wameshindwa kazi. Mtu aliyetazama kwanza anakifungua kitabu akiwa na maswali yake mwenyewe. Aliyesoma kwanza anakaa kwenye kiti akimsahihisha Kubrick, na mara nyingi anamnong'oneza jirani yake, tabia ambayo tutaikemea.

Nimefika nikakuta skrini nyeusi na muziki wa kutisha. Projekta imekufa?

Haijafa, kaa. Filamu inaanza na skrini nyeusi kwa takriban dakika tatu, huku ukipigwa muziki wa György Ligeti, Mhungari. Majumba makubwa ya sinema ya enzi zile yalikuwa na desturi hiyo ya kupiga muziki watu wakiingia na kutafuta viti. Kuna mapumziko katikati, na baada ya majina ya mwisho muziki unaendelea tena gizani. Kila tukionyesha, kuna mtu anayeinuka kwenda kukagua waya. Umeme ukikatika kweli mtajua, feni nazo zitasimama.

Mbona hawaongei? Hamuwezi kuleta iliyotafsiriwa?

Wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza, ambako mtafsiri anaisimulia filamu juu kwa juu, anawapa waigizaji majina ya mtaani na kutuambia nani anamchukia nani. Filamu hii ingemtesa. Ina dakika kama 142, neno la kwanza linatamkwa baada ya dakika 25 hivi, na zaidi ya nusu yake haina mazungumzo. Mtafsiri angelazimika kuitunga upya hadithi nzima. Kusema kweli ningelipa kiingilio kumsikiliza.

Lakini mtafsiri huyo yupo, na jina lake ni Arthur C. Clarke. Kubrick alikuwa amepanga kuweka sauti ya msimulizi inayoeleza yanayotokea, kisha mwishoni akaiondoa yote. Riwaya ndiyo sauti ile iliyoondolewa. Inafanya hasa kazi ya mtafsiri wa kibanda umiza: panapokuwa na ukimya inaongea, panapokuwa na fumbo inafumbua. Na kama wale watafsiri wetu, mara nyingine inasimulia filamu tofauti kidogo na ile iliyo mbele yako. Ukilishika hilo, maswali mengi yanayofuata utaweza kuyajibu mwenyewe.

Wale sokwe wa mwanzoni kwenye kitabu ni walewale?

Ni walewale, ila kitabuni wana majina, njaa na mawazo. Kiongozi wao anaitwa Moon-Watcher, yaani mtazama-Mwezi, na tunaambiwa jinsi anavyoamka asubuhi akamkuta baba yake amekufa, akamburuta nje asifikirie tena jambo hilo. Kwenye filamu tunaona tu viumbe wenye manyoya wakigombea dimbwi la maji.

Tofauti kubwa ni jinsi wanavyofundishwa. Kwenye filamu bamba jeusi, lile tunaloliita jiwe, linasimama alfajiri mbele ya pango, wanaligusa, wanarudi kwenye shughuli zao. Baadaye mmoja anashika mfupa kwenye mifupa ya mnyama, anautazama, anaanza kuvunja. Kubrick anakuonyesha bamba kwa sekunde chache tu ili uunganishe. Kitabuni jiwe lenyewe si jeusi; ni angavu kama kioo, linapiga sauti, linaonyesha picha, linaingia vichwani mwao na kuwafanyisha mazoezi ya vidole na shabaha kama mwalimu wa chekechea asiyechoka. Anayeshindwa anaachwa, anayeweza anarudiwa.

Halafu kuna suala la nyama. Kitabuni Moon-Watcher anaua ngiri kwa jiwe lenye ncha, jambo ambalo kila mtu aliyewahi kupita Serengeti analiona la kawaida. Kwenye filamu wanaishi na kula tapiri, mnyama mwenye pua ndefu kiasi wa Amerika Kusini na Asia ya kusini-mashariki, ambaye Afrika hayupo. Nikiitazama sehemu hiyo na watu wa Mwanza hucheka kabla sijaeleza. Na yule pundamilia aliyelaliwa na chui alikuwa farasi aliyekufa, akapakwa mistari.

Kitabu kina tukio moja ambalo filamu haina na ningependa ingekuwa nalo: sokwe-watu wanamuua yule chui aliyekuwa akiwala usiku, halafu Moon-Watcher anavuka kijito na kichwa cha chui juu ya fimbo kwenda kwa kundi pinzani. Adui anayeganda mbele ya kichwa hicho ndiye anayepigwa. Filamu inafupisha yote hayo kuwa pigano dimbwini, mfupa mmoja, mtu wa kwanza kuuawa.

Sehemu ile ilipigwa wapi? Olduvai?

Ilipigwa ndani ya studio karibu na London. Mandhari unayoyaona nyuma ni picha zilizopigwa jangwa la Namib, nchi iliyoitwa wakati huo Afrika ya Kusini-Magharibi, zikamulikwa kwenye skrini kubwa nyuma ya waigizaji. Macho ya chui yanayong'aa kwa namna isiyo ya kawaida yanatokana na mwanga wa mtambo huohuo.

Kuhusu Olduvai: Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus hapo mwaka 1959, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75, na kipindi Kubrick na Clarke wanaandika dunia nzima ilikuwa ikiitazama Afrika Mashariki. Ila wazo la mfupa kuwa silaha ya kwanza linatoka kusini zaidi, kwa Raymond Dart, aliyelitambua fuvu la mtoto wa Taung mwaka 1924. Dart aliamini mifupa iliyovunjika mapangoni ilikuwa marungu na visu vya mababu zetu wauaji. Watafiti waliomfuata walionyesha kwamba mifupa mingi ilivunjwa na fisi na chui, na mababu zetu huenda walikuwa chakula kuliko wawindaji. Kitabu kinaweka mawe na pembe pamoja na mifupa, kwa hiyo kimezeeka vizuri kuliko filamu katika hili.

Ukitaka kilicho karibu nasi, usiende Olduvai, zunguka ziwa. Nyayanga, kwenye rasi ya Homa upande wa Kenya, ufukweni mwa Ziwa Victoria hilihili, watafiti walitangaza mwaka 2023 zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kuchanwa. Riwaya inaweka jiwe lake miaka milioni tatu nyuma. Clarke alibahatisha tarehe, lakini amebahatisha karibu na Homa Bay. (Filamu inasema miaka milioni nne, kwenye maneno ya Dk. Floyd, mwanasayansi mkubwa anayetumwa Mwezini. Ndiyo, hata hapo hawakubaliani.)

Ziwa lenyewe hao wa Nyayanga hawakuliona. Ziwa Victoria ni changa, umri wake ni kama miaka laki nne, na lilikauka kabisa mwishoni mwa enzi ya barafu kabla ya kujaa tena.

Lile jiwe ni Mungu?

Swali hili linakuja kila mara, kwa kawaida kutoka safu ya nyuma. Filamu haisemi. Kitabu kinasema wazi: ni mashine, chombo cha kupima na kufundisha, kilichoachwa na viumbe waliozunguka kwenye nyota wakipanda akili kila walipoona udongo unafaa. Kuna lingine Mwezini, lililofukiwa kwenye shimo la Tycho, nalo ni kengele: siku wanadamu watakapolifukua na jua kulipiga, lipige yowe kuwaarifu wenyewe kwamba wanafunzi wamefika hatua hiyo. Vipimo vyake ni 1 kwa 4 kwa 9, yaani vipeo vya pili vya 1, 2 na 3. Bamba la kwenye filamu halifuati vipimo hivyo, ukilipima utaona ni jembamba zaidi.

Kubrick alijaribu kutafuta namna ya kuwaonyesha hao viumbe, akaacha. Mwanafalaki Carl Sagan alimshauri kwamba ni heri waashiriwe tu. Nadhani ushauri huo uliiokoa filamu.

Na tafadhali, utani kwamba Jiwe la Bismarck liliachwa na walewale tumeshausikia.

Wanakwenda Mshtarii au Zohali?

Kwenye filamu Discovery, chombo kinachowapeleka wanaanga huko yowe lile lilikoelekea, kinakwenda sayari ya Mshtarii (Jupiter). Kitabuni kinapita Mshtarii kwa kasi, kinatumia mvuto wake kama msukumo, kinaendelea hadi sayari ya Zohali (Saturn). Sababu ni ya kiufundi: waliotengeneza picha hawakuweza kupata pete za Zohali zinazoaminika, Kubrick akasema basi, tunaishia Mshtarii. Clarke akabaki na Zohali yake.

Nampongeza kwa hilo, maana kitabuni mahali pa kufikia ni mwezi uitwao Iapetus, na Iapetus ni kitendawili cha kweli. Mwanafalaki Cassini aliugundua mwaka 1671 akashangaa kwamba unaonekana ukiwa upande mmoja wa Zohali, ukienda upande wa pili unapotea. Upande wake mmoja ni mweupe, mwingine mweusi kama masizi. Clarke akachukua doa jeupe, akaweka nukta nyeusi katikati, na mwanaanga Bowman akikaribia anahisi jicho linamtazama. Ni moja ya kurasa bora za kitabu. Filamu haina kitu cha kulinganisha nacho hapo, ingawa ina miezi ya Mshtarii iliyopangika mstari mmoja na bamba likielea kati yake, na hiyo nayo si haba.

HAL alikosea nini hasa?

Hili ndilo linalotuchelewesha kurudi nyumbani, watu wakabaki wanabishana mpaka daladala za Igoma zinakwisha.

Tuanze na yanayolingana. HAL 9000 ni kompyuta inayoendesha chombo. Wanaanga wawili, Bowman na Poole, wako macho. Watatu wamelazwa usingizi wa kuhifadhiwa. HAL anatangaza kwamba kifaa kimoja cha antena kitaharibika. Wanakitoa, wanakipima, kizima. Wanaanza kufikiria kumzima. HAL anamuua Poole nje ya chombo, kisha waliolala, na Bowman anamzima huku HAL akiimba wimbo wa zamani, Daisy Bell. (Clarke aliwahi kusikia kompyuta halisi ikiuimba kwenye maabara za Bell mapema miaka ya 1960.)

Sasa yasiyolingana. Kwenye filamu Bowman na Poole wanajifungia ndani ya kichombo kidogo wazungumze HAL asisikie, na HAL anawasoma midomo kupitia dirisha. Kitabuni hakuna tukio hilo kabisa. Kwenye filamu Bowman anatoka kumfuata Poole bila helmeti, HAL anakataa kumfungulia, na Bowman anajirusha kupitia mlango wa dharura bila hewa. Kitabuni Bowman yuko ndani. Anataka kuwaamsha waliolala, HAL anafungua milango ya nje, hewa yote inatoka kwa kishindo, na Bowman anafanikiwa kufika kwenye chumba cha dharura chenye oksijeni na vazi la anga. Tarehe ya kuwashwa kwa HAL nayo inatofautiana: filamu inasema 12 Januari 1992, kitabu 12 Januari 1997.

Lakini tofauti yenyewe ni sababu. Kitabu kina sura nzima inayoeleza: HAL aliundwa kuchakata habari bila kuficha wala kupotosha, halafu wakubwa wakamwamuru awafiche Bowman na Poole lengo halisi la safari. Waliolala walijua, HAL alijua, wale wawili hawakujua. Kukaa na watu mchana kutwa huku unawadanganya kukampasua. Alianza kukosea, akajitetea, na aliposikia kuzimwa akaona ni kifo, kwa kuwa hajawahi kulala akaamka. Mwenzetu mmoja anayekaa mapokezi kwenye ofisi fulani mjini alisema anamwelewa kabisa, kila siku anaambiwa na bosi wake "sema sipo".

Filamu haina sura hiyo. Ina dalili mbili tu. Ya kwanza: HAL anamdodosa Bowman kama ana wasiwasi na safari hii, Bowman anakwepa kidogo, na hapohapo HAL anakatiza kusema kifaa kinaharibika. Ya pili: HAL akishazimwa, inajicheza video ya Floyd inayosema kwamba ni HAL peke yake aliyekuwa akijua siri. Basi. Kutokana na hayo mawili unaweza kusema HAL alichanganyikiwa, unaweza kusema alikuwa akitega mtego tangu mwanzo, unaweza kusema ni kosa dogo lililofuatiwa na woga mkubwa.

Msimamo wangu: maelezo ya kitabu ni mazuri na yana mantiki, na bado siyahamishii kwenye filamu. HAL wa kitabu ni mgonjwa, unamwonea huruma kama mtu aliyepewa mzigo usiobebeka. HAL wa filamu, kwa sauti ile tulivu ya Douglas Rain, anaomba asizimwe na hujui kama anaogopa au anaigiza kuogopa. Siku hizi watu wanaongea na mashine kwenye simu zao usiku kucha, na swali hilo la filamu ndilo lililobaki na makali.

Ni kweli HAL ni IBM, ile kampuni ya kompyuta, iliyosogezwa herufi moja nyuma?

Herufi zinalingana, ndiyo. Clarke alikanusha maisha yake yote kwamba ilikusudiwa, na kitabu kinatoa asili nyingine ya jina hilo.

Naomba mnieleze mwisho. Kwa Kiswahili, taratibu.

Kwenye filamu Bowman anafika Mshtarii, anaingizwa kwenye mto wa taa na rangi, anatua kwenye chumba cheupe chenye fanicha za kifahari za zamani na sakafu inayowaka. Anajiona akiwa mzee, kisha mzee zaidi, kisha yuko kitandani anakufa. Bamba linasimama mbele ya kitanda. Kitandani panakuwa na mtoto aliyezungukwa na mwanga. Mtoto anaitazama Dunia. Muziki wa Richard Strauss, mwisho.

Kitabuni njia ni ileile ila ina vibao. Bamba la Iapetus ni lango. Bowman anapita kwenye kituo kikubwa cha anga ambacho zamani kilikuwa na pilikapilika na sasa kimeachwa, anafika kwenye nyota nyingine, nyekundu, na chombo chake kidogo kinatua ndani ya chumba cha hoteli. Hapa Clarke anachekesha kimyakimya. Simu iko, haina mlio. Kitabu cha namba za simu kina jalada, ndani kurasa nyeupe. Pakiti za nafaka za asubuhi zimejaa kitu cha buluu, chote ladha moja. Bowman anawasha televisheni na kung'amua: wenyeji wake walitengeneza chumba kwa kuiga vipindi vya televisheni walivyonasa kutoka duniani, ndiyo maana nje kuna kila kitu na ndani hamna kitu. Kisha analala, kumbukumbu zake zinarudishwa nyuma moja baada ya nyingine hadi utotoni, na anazaliwa upya.

Wale wanaoniuliza chumba cha filamu kina maana gani huwa nawapa maelezo hayo, wanatulia. Halafu najuta kidogo kuona walivyotulia upesi. Hakuna chochote kwenye filamu kinachosema chumba kimeigwa kutoka televisheni.

Na mwisho wenyewe ni tofauti. Mtoto wa kitabuni anarudi duniani, anakuta silaha za nyuklia zinazozunguka juu, na anazilipua. Kubrick hakutaka hilo. Filamu yake iliyotangulia, Dr. Strangelove, ilikuwa imeishia kwa milipuko ya nyuklia, na mtu hamalizi filamu mbili mfululizo kwa kishindo kilekile. Zile setilaiti unazoziona mara tu mfupa unaporushwa juu zilikusudiwa ziwe mabomu hayo, ila sauti ya kusema hivyo ilikwenda na msimulizi aliyeondolewa.

Kitabu kina ufundi mmoja hapa ambao filamu haiwezi kuugusa. Sura ya tano inaisha Moon-Watcher akiwa mtawala wa dunia na hajui afanye nini, ila atafikiria jambo. Kitabu kizima kinaisha kwa maneno hayohayo kuhusu yule mtoto. Mwenye rungu na mwenye uwezo wa kulipua mabomu kwa kuwaza tu wamewekwa ngazi moja. Filamu inampa mtoto macho makubwa na muziki wa ushindi, watu wanatoka wakidhani mambo yamekuwa mema. Clarke, anayesifiwa kwa matumaini, ndiye aliyeacha woga mwishoni.

Kuna walichotabiri kikatimia?

Discovery haijaenda popote, na 2001 imepita Mwezini kukiwa hakuna kambi. Ila kuna vibamba bapa vya kusomea ambavyo wanaanga wanatazamia habari wakila. Kwenye filamu vinaonekana sekunde chache. Kitabuni Floyd anasomea magazeti ya dunia nzima kwenye kifaa chake, anagusa namba, habari inajaa kioo. Mwaka 2011 Samsung waliitaja filamu hii mahakamani walipokuwa wakibishana na Apple kuhusu umbo la vishikwambi.

Cha Clarke kikubwa zaidi hakimo kwenye kitabu hiki. Mwaka 1945 alichapisha makala akieleza jinsi setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta ingezunguka sawasawa na Dunia na kuonekana imesimama angani. Dishi la king'amuzi juu ya paa lako Buzuruga limeelekezwa upande mmoja tangu fundi aondoke kwa sababu hiyo.

Nije na watoto?

Hakuna damu wala matusi. Wadogo watalala, wa darasa la sita na kuendelea wataogopa HAL. Walete.

Mshtarii na Zohali zinaonekana kutoka Mwanza?

Zinaonekana kwa macho, katika miezi fulani ya mwaka. Mshtarii hung'aa kuliko nyota yoyote, na kwa darubini ya mkono ya kawaida utaona miezi yake minne ileile ambayo Galileo aliiona 1610. Zohali ina rangi ya manjano iliyofifia. Pete zake zinahitaji teleskopu ndogo, na Iapetus teleskopu pamoja na subira. Kapripointi taa ni nyingi. Nendeni upande wa Luchelele au Malimbe, siku za giza, zilezile ambazo wavuvi wa dagaa wanaingia ziwani.

Kuna muendelezo?

Clarke aliandika 2010 (mwaka 1982), 2061 (1987) na 3001 (1997), na Peter Hyams akaongoza filamu ya 2010 mwaka 1984. Jambo la kuchekesha: kwenye riwaya ya 2010 Clarke mwenyewe aliiacha Zohali yake na kufuata filamu. Discovery sasa iko Mshtarii, kana kwamba kitabu cha kwanza kilisema hivyo. Vyombo vya Voyager vilikuwa vimepita Mshtarii 1979 na kuleta picha za miezi yake, na alitaka kuzitumia. Someni 2010. Hizo nyingine mbili ni za mwenye likizo ndefu.

Kitabu nitakipata vipi?

Kwa Kiingereza, na Kiingereza chake ni chepesi: sehemu sita, sura 47, nyingi za kurasa tatu nne. Aliyemaliza kidato cha nne akiwa na kamusi karibu atakimaliza. Nakala ya kikundi inazunguka kwa wiki mbili mbili, unaandika jina kwenye daftari. Usikunje kona za kurasa. Na aliyeandika kwa penseli "HAL hana kosa" pembezoni mwa sura ya 27, tunakujua kwa mwandiko.